Namba zilizokaa kushoto

Ukitaka kujua mtu amefika wapi katika Excel, programu ya majedwali ya kuhesabu, usimuulize anajua fomula ngapi. Mpe faili la mtu mwingine, lile lililopita mikono mingi, halafu mtazame anaanzia wapi. Anayeanza hukimbilia kuandika. Aliyezoea kidogo hutafuta fomula. Aliyekomaa haandiki chochote kwanza: anateremka hadi mstari wa mwisho, anaangalia namba zipi zimekaa kushoto, seli (visanduku vya jedwali) zipi zimeunganishwa, tarehe zipi si tarehe. Nimepita ngazi zote tatu, na kwa ninavyoona mimi, safari ndefu ni ile ya kutoka ya pili kwenda ya tatu. Fomula zinakaririka. Jicho la kutilia shaka kilichomo ndani ya seli halikaririki.

Mafunzo yangu ya mwanzo yalikuwa ya vitufe. Tulifundishwa kukoza maandishi, kuchora mipaka, kupaka rangi kichwa cha jedwali, kuingiza chati. Tulitoka na majedwali yanayopendeza macho. Kazini nikawakuta watu wa namna hiyo hiyo, tena wenye uzoefu wa miaka: kikokotoo upande mmoja, kibodi upande wa pili, jumla inapigwa pembeni kisha inachapwa kwenye seli. Siwacheki. Mtu asipoambiwa kwamba programu ile inahesabu, ataichukua kama karatasi iliyokwisha pigwa mistari.

Laiti tungeanza na historia. VisiCalc, programu iliyofungua njia kwa majedwali ya namna hii kwenye kompyuta ndogo, ilitoka mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II. Wazo lilimjia Dan Bricklin alipokuwa akisoma shule ya biashara ya Harvard, na Bob Frankston akaliandikia msimbo. Adha waliyotaka kuiondoa ni hii: ukibadilisha tarakimu moja kwenye makadirio yaliyoandikwa kwa mkono, itabidi ufute na kukokotoa upya kila kinachoitegemea. Excel ilifuata baadaye, 1985 kwenye Macintosh na 1987 kwenye Windows, lakini kiini hakikubadilika. Kwa hiyo hadi leo, nikipokea faili nisilolijua, nabadilisha namba moja juu na kutazama kama jumla ya chini inatikisika. Isipotikisika, kuna mtu aliichapa kwa mkono, na hapo najua nina kazi.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa kitengo cha hesabu. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia mizigo inayoingia na kutoka, na data zilitoka kwenye mfumo mwingine kabisa kabla ya kufika Excel. Siku moja jumla ya safu ya idadi ilikataa katakata kulingana na nyaraka. Nikampelekea. Hakugusa hata kibodi.

“Hizi mbona zimekaa kushoto, mdogo wangu?”

Usipogusa mpangilio wa seli, Excel huweka namba kulia na maandishi kushoto. Zile zangu zilionekana namba, zilisomeka namba, lakini kwa programu yalikuwa maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka maandishi bila kusema neno. Kilichonishangaza zaidi ni alichonionyesha baadaye: ukizijumlisha seli hizo hizo kwa alama ya kujumlisha, =A2+A3, jibu linakuja sahihi, kwa sababu hapo Excel hujaribu kwanza kuyageuza maandishi kuwa namba. Fomula mbili, seli zile zile, majibu mawili. Dada yule hakuwa akimpenda kabisa mtu anayepanga kila kitu katikati ya seli ili jedwali “lipendeze”. Alisema ni sawa na kuzima taa ya tahadhari kwenye gari kwa sababu inaumiza macho. Nami nimerithi chuki hiyo.

Dawa ni nyepesi. Unaandika 1 kwenye seli tupu, unainakili, unachagua safu yenye matatizo, kisha unabandika kwa ubandikaji maalumu (Paste Special) ukichagua kuzidisha. Kila kitu kinahamia kulia. Lakini dawa haina maana kama hujui kuna ugonjwa.

Kutoka hapo nikaanza kuelewa kuwa seli ina mambo mawili: kilichomo, na kinachoonyeshwa. Hakuna mahali jambo hili linajitokeza kama kwenye tarehe. Andika 1 Januari 2024 kwenye seli, kisha badilisha muundo wake uwe wa jumla. Tarehe inatoweka, inabaki 45292. Hiyo ndiyo tarehe yenyewe, kwa Excel: hesabu ya siku inayoanza na 1 Januari 1900 kama siku ya 1. Saa ni sehemu ya siku, hivyo saa sita mchana ni 0.5. Ukishalijua hilo, mambo mengi yaliyokuwa kama mazingaombwe yanakuwa hesabu za kawaida. Siku ngapi mzigo umekaa? Toa tarehe moja kwenye nyingine. Mbona jibu limetokea kama tarehe ya mwaka 1900? Kwa sababu Excel imekupa 12 na kuivalisha nguo za tarehe. Badilisha muundo, basi. (Ndani ya mfumo huo kuna siku ambayo haikuwahi kuwepo, 29 Februari 1900. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia Excel, iliuhesabu mwaka huo kuwa mrefu, na Excel ikaifuata makusudi ili mafaili ya Lotus yasomeke sawasawa. Kosa la zamani likawa kanuni.)

Tarehe zinazotoka kwenye mfumo mwingine ndizo hatari kuliko zote. Tuseme kompyuta yako imepangwa kuanza na mwezi, na data zimeandikwa kwa kuanza na siku. 25/12/2023 haiwezi kuwa mwezi wa 25, kwa hiyo Excel inaiacha kama maandishi, inakaa kushoto, unaiona. Lakini 03/04/2023 inapokelewa kwa furaha na kuwa Machi 4, wakati aliyeandika alikusudia Aprili 3. Kwa hiyo zinazoonekana mbovu ni zile zilizosalimika, na zinazoonekana nzima ndizo zilizoharibika. Ukizirekebisha zile za kushoto tu, umemaliza kulificha kosa. Siku hizi nikiwa na uwezo wa kuomba, naomba data zije na tarehe za mtindo wa 2023-04-03, mwaka kwanza. Hapo hakuna ubishi.

Tabia hii ya Excel ya kukisia unachotaka imewasumbua hata wanasayansi. Kulikuwa na jeni zenye alama kama SEPT1 na MARCH1, na kila zikiandikwa kwenye seli ziligeuzwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilichapisha mwongozo mpya, na alama hizo zikawa SEPTIN1 na MARCHF1. Jeni zimebadilishiwa majina ili zikae salama kwenye jedwali! Kwetu wengine ni mambo madogo zaidi: namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, na namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 hupoteza ya mwisho na kuwekewa 0, maana Excel hushika tarakimu 15 tu. Namba ambayo hutaijumlisha kamwe ihifadhi kama maandishi tangu mwanzo, kabla haijaingia. Ikishaharibika, kubadilisha muundo hakuirudishi.

Alama ya dola nitaipitia haraka, ingawa wengi hukwama hapo kwa muda mrefu. Ukiandika =B2*F1 na kuivuta chini, F1 inageuka F2, kisha F3, na majibu yanakuwa sifuri au upuuzi. Ukiandika =B2*$F$1, F1 haiondoki. Kitufe cha F4 kinakuzungushia namna zote nne za kuweka dola. Zoezi lililoniingiza jambo hili kichwani ni kutengeneza jedwali la kuzidisha: namba 1 hadi 12 zikishuka kwenye safu A, na 1 hadi 12 zikienda kulia kwenye mstari wa kwanza, kisha fomula moja tu, =$A2*B$1, ijaze seli zote 144. Ukiweza kueleza kwa nini dola moja iko mbele ya A na nyingine mbele ya 1, umevuka. Asiyeweza kueleza arudie, hata kama jedwali limetoka sahihi.

Kisha ikaja VLOOKUP, fomula ya kutafuta, ambayo kwa wengi ndiyo cheti cha “najua Excel”. Nami niliipenda. Unampa msimbo wa mzigo, anakuletea jina lake kutoka orodha nyingine. Mara ya kwanza unajiona fundi. Ila ina mitego, na mtego mkubwa ni wa sehemu ya nne ya fomula, ile ambayo Excel haikulazimishi kuijaza. Ukiiacha, programu inachukulia kuwa orodha yako imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, na inaridhika na jibu la karibu. Orodha isiyopangwa hukupa majina ya mizigo mingine kabisa, bila alama yoyote ya hitilafu. Andika FALSE mwishoni, kila mara, hata kama unaona haina haja. Mtego wa pili ni ile namba ya safu: ukisema safu ya 3, kisha mtu akaingiza safu mpya katikati, ya 3 sasa ni kitu kingine.

Hapo ndipo watu walipokuwa wakihamia INDEX na MATCH, fomula mbili zinazofanya kazi hiyo zikiunganishwa, na mimi nikahamia. Tangu Microsoft ilete XLOOKUP, fomula mpya ya kutafuta, mwaka 2019, kwangu habari hiyo imekwisha: inatafuta kilekile ulichoandika bila kuagizwa, inaangalia kushoto na kulia, na haina namba za safu. Tatizo ni moja, anayefungua faili kwa toleo la zamani hataweza kuikokotoa. Kwa hiyo VLOOKUP bado inafaa kuijua, angalau kwa kusoma mafaili ya wenzako. Na ukinakili fomula kutoka mahali ikakataliwa papo hapo, kabla hujaikatia tamaa badilisha mikato iwe nukta mkato. Kompyuta nyingine zimepangwa kutenganisha hivyo.

Kuna jambo kuhusu #N/A, alama inayotokea fomula ya kutafuta isipopata kitu. Wanaoanza huiogopa, na wakishajifunza IFERROR, fomula ya kuweka kitu kingine penye hitilafu, huifunika kila mahali kwa nafasi tupu au sifuri ili ripoti iwe safi. Mimi nimekuja kuiheshimu. #N/A inakuambia ukweli: nimetafuta, sikuona. Ukiifunika kwa sifuri, jumla inapungua na hakuna atakayejua. Ikinitokea sasa, nauliza kwa nini. Mara nyingi macho yanaona maneno mawili yaliyo sawa, lakini kuna nafasi moja mwishoni mwa moja. LEN, inayohesabu herufi, inaibua siri hiyo: neno lenye herufi 8 linahesabika 9. TRIM huondoa nafasi hizo, isipokuwa ile inayonakiliwa kutoka kurasa za wavuti, ambayo inaonekana kama nafasi lakini kwa kompyuta ni herufi namba 160. TRIM haiigusi. Nilihangaika nayo hadi nilipoijua =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")), na tangu hapo iko kwenye daftari langu ukurasa wa kwanza.

Lakini haya yote, naweza kusema, bado yalikuwa ngazi ya pili. Nilikuwa fundi wa fomula ndefu. Nilikuwa na IF ndani ya IF ndani ya IF, na nilijivunia. Kilichonitoa huko ni ripoti ya kila mwezi ambayo mtu aliipanga kwa ajili ya kuchapisha: jina la idara limeunganishwa juu ya seli sita, miezi imepangwa kwenda kulia, kila baada ya mistari kadhaa kuna jumla ndogo, na mizigo iliyochelewa imepakwa rangi nyekundu. Mkuu akauliza swali moja la kawaida: mizigo iliyochelewa kwa kila idara, kwa robo ya mwaka. Jedwali lile halikuweza kujibu. Rangi nyekundu si data; hakuna fomula ya kawaida inayohesabu rangi. Seli zilizounganishwa zina thamani kwenye seli ya kwanza tu, zilizobaki ni tupu. Jumla ndogo zinahesabiwa mara mbili. Ningeweza kuandika fomula ya nusu ukurasa kulizunguka tatizo hilo, na wakati ule ndivyo nilivyotaka.

Dada wa hesabu alinitaka nilivunje. Mstari mmoja uwe tukio moja: tarehe, idara, msimbo, idadi, hali. Safu moja iwe na aina moja ya jambo, na jina lake liwe juu mara moja tu. “Imechelewa” iandikwe kwenye safu yake, isiwe rangi. Mwezi usiwe safu, maana tayari umo ndani ya tarehe. Pasiwe na mstari mtupu katikati wala jumla ndani ya data. Baada ya hapo nikabonyeza Ctrl na T ili liwe jedwali rasmi linalokua lenyewe mistari ikiongezeka, nikaingiza PivotTable, jedwali la muhtasari linalopangwa kwa kuburuta, nikaburuta idara upande wa mistari, robo ya mwaka upande wa safu. Swali la mkuu lilijibiwa bila fomula hata moja. Na aliporudi na la pili, na la tatu, kama wakuu walivyo, nilikuwa naburuta tu.

Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi siku ya kwanza. PivotTable huwekwa kwenye kozi za juu, kana kwamba ni ngumu. Si ngumu, kinachokuwa kigumu ni kuilisha data zilizopangwa kwa ajili ya macho. Anayejifunza kupanga data kwanza ataihitaji nusu tu ya fomula ninazozijua mimi.

Tatizo ni kwamba data za watu wengine hazitakuja hivyo, na huwezi kuzivunja kwa mkono kila mwezi. Hapo ndipo Power Query, chombo cha kuvuta na kusafisha data, inapoingia, na kama kuna kitu ninachokiita kiwango cha juu bila kusita, ni hicho. Tangu toleo la 2016 imo ndani ya Excel ya Windows, kwenye kichupo cha Data. Unaielekeza kwenye folda yenye mafaili ya miezi yote, unafanya usafi mara moja: ondoa mistari ya juu, jaza seli zilizoachwa tupu na muunganiko, geuza miezi iliyolala iwe safu moja inayoshuka, iambie tarehe zinaanza na siku. Kila hatua inaandikwa pembeni kwa mpangilio, na unaweza kurudi kuirekebisha. Mwezi ujao unatupia faili jipya kwenye folda na kuonyesha upya. Faili la asili haliguswi kamwe, na hilo peke yake linatosha kunifanya niipende.

Makro, yaani programu ndogo za kurudia kazi ndani ya Excel, nilizijifunza pia, kwa VBA, lugha yake ambayo imo tangu 1993. Sizitumii sana. Nyingi ya zile nilizowahi kuandika zilikuwa za usafi wa data, na Power Query imezichukua. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro kwenye mafaili yanayotoka kwenye intaneti, kwa sababu za kiusalama, na kumweleza mpokeaji jinsi ya kuziruhusu ni kazi nyingine.

Kilichochukua nafasi ya fomula ndefu kwenye muda wangu ni ukaguzi. Visa viwili ndivyo huwatajia wenzangu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa utafiti kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst alipata jedwali lao na kuona, miongoni mwa mengine, kwamba fomula ya wastani ilikomea mistari mitano kabla ya mwisho. Nchi tano zikaachwa nje. Kisa cha pili ni cha Uingereza mwaka 2020, ambapo karibu visa 16,000 vya korona vilikosa kuingia kwenye takwimu kwa wakati, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la mtindo wa zamani wa XLS. Mtindo huo una mistari 65,536 tu, wakati wa sasa una 1,048,576. Kilichozidi kikadondoka.

Vyote viwili vingeonekana kwa kuhesabu mistari. Ndiyo maana kila ripoti yangu ina kona ya ukaguzi: mistari mingapi imeingia, mingapi imetoka, jumla ya chanzo, jumla ya ripoti, na tofauti ambayo lazima iwe sifuri. Namba za makadirio hazizikwi ndani ya fomula. Zina shiti yake, na kila moja ina maelezo pembeni. Nikitilia shaka fomula, nachagua kipande chake ndani ya upau wa fomula na kubonyeza F9, nikaona kipande hicho kinatoa nini, kisha Esc ili nisikiharibu. Nikitaka kuona shiti nzima imeandikwa nini, Ctrl na kitufe kilicho chini ya Esc, kwenye kibodi ya Kimarekani, vinafichua fomula zote. Ile seli yenye namba kavu katikati ya fomula arobaini inajitokeza yenyewe.

Ninachojifunza sasa ni kujua lini faili limeizidi Excel uwezo. Dalili nazijua: watu zaidi ya wawili wanalijaza kwa wakati mmoja, nakala zinaanza kuitwa “mwisho”, “mwisho_sahihi”, “mwisho_sahihi2”, na kulifungua kunachukua muda wa kunywa glasi ya maji. La mizigo lilifika huko. Tumelihamishia kwenye hifadhidata, watu wanajaza kwenye fomu, na Excel inasoma tu kupitia Power Query. PivotTable ni zile zile. Bado safu ya idadi naitazama imekaa upande gani kabla sijatuma ripoti.